Kicheko cha Salvator

Jumatatu, 3 Juni
Napiga miraba ya kuchorea picha tangu asubuhi. Rula, penseli, kifutio. Furaha, mchoraji mwenzangu hapa karakanani Nyakabiga, ananitazama kama anatazama karani wa posta. Yeye hachori kwanza. Anachovya brashi na kuanza popote, hata sikioni. Nikamuuliza mpango wake ni upi.

"Mi sipangake kitu," akasema. "Mi ninapangaka nyumba tu."

Nilicheka bila kutaka.

Mchana alikuja Mama Divine, mjane wa Gihosha. Jumamosi familia inaganduka, yaani inamaliza kilio cha mumewe, Salvator. Anataka picha yake kubwa, na anataka awe anacheka. Picha aliyonayo ni moja tu, ya kitambulisho. Amesema yeye mwenyewe hajacheka tangu mazishi, na anataka siku hiyo mtu mmoja nyumbani awe anacheka.

Jumanne, 4 Juni
Paji la uso, macho, pua: safi. Kila kitu ndani ya mraba wake. Mdomo umenishinda. Nani anacheka kwenye kitambulisho? Nikapima, nikainua pembe za midomo kidogo. Katoka mtu wa tangazo la dawa ya meno. Nimefuta.

Jumatano, 5 Juni
Nimempa Furaha kadibodi ajaribu. Kapaka haraka, mara mbili. Wanaume wawili, wote wanacheka, wote hai, hakuna aliye Salvator. Nilifurahi, tena sana. Kisha nikanuna, maana wangu hata hai hakuwa.

Mkono wake unajuaje? Nikakaa mbele yake nimchunguze. Kumbe alipopaka alikuwa ananiangalia mimi. Yule wa pili ana meno yangu! Basi vicheko vyake havitoki hewani. Sijui kwa nini jambo hili limenifurahisha hivi.

Alhamisi, 6 Juni
Mama Divine kaja kuangalia kazi. Chini ya pua hakuna kitu. Niliona aibu.

Furaha, brashi mkononi, akamuuliza kama marehemu alijua kupika. Mama akasimulia siku mumewe alipowapikia wakwe mukeke, akasahau kumtoa samaki matumbo, kisha akala sahani nzima kwa heshima huku wakwe wakimtazama. Hapo Mama mwenyewe akacheka. Ghafla, mdomo wazi, kichwa upande.

Furaha hakuniomba ruhusa. Alipaka mdomo juu ya miraba yangu. Nilikalia mikono yangu nisimzuie.

Ijumaa, 7 Juni
Furaha alipotoka nilichukua rula. Mdomo umeenda upande, umetoka nje ya mraba wake. Nikainua brashi niunyooshe, nikaishusha. Ukinyooka utakufa, hilo naliona. Kwa nini utakufa, silioni. Nimeutazama mpaka chai ikapoa. Naogopa kesho.

Jumamosi, 8 Juni
Gihosha. Wageni wameketi, kimya. Mama Divine alisimama mbele ya picha muda mrefu. Nikasogea, nikamwambia polepole kwamba rangi bado mbichi, mdomo unaweza kufutwa.

"Hii kicheko si yake," akasema. "Ni yangu."

Nikatafuta kitambaa mfukoni. Akanishika mkono.

"Usifute. Nilizani iliisha."

Nikakaa karibu na Furaha. Vinywaji vilipofika, watu wakaanza kuongea kwa sauti.