Maduara Mia Mbili ya Mti Mbichi

Jumamosi. Mvua imegoma, jua limetoka na hasira, na mimi nimeamka nayo hiyo hiyo.

Simpendi katibu wa chama wa mtaa wetu. Naandika hapa kwa sababu daftari hili yeye halisomi. Jumatatu aliingia karakana yangu bila hodi, akakalia meza yangu ya kazi kama kiti cha kwao, akaniita raia kwa Kifaransa cha chama. "Sitwayeni, utanikatia miduara mia mbili ya miti, midogo kama mudomo ya kikombe. Hii njo salongo yako." Yaani kazi ya lazima, ya bure. Wanafunzi wataipaka rangi na kuibandika kwenye ubao mkubwa, itokee sura ya Rais, itundikwe stesheni siku ya sherehe. Halafu akanyoosha kidole juu ya jiko. "Zile fito ziko kavu. Tumia zile."

Fito zile ni za kitanda nitakachomtengenezea mama yangu. Zimekaa kwenye moshi misimu miwili ya mvua. Mama analala mkekani, na mgongo humwamsha kabla ya adhana. Nilimjibu katibu ndiyo. Moyoni nikasema, hizi huzipati.

Nikakata mti mbichi.

Seremala yeyote hapa Kindu anajua: fito mbichi ukizikata vipande vya duara, hukauka nje kwanza, kisha hupasuka toka moyoni hadi kwenye gome. Nilijua, na ndicho nilichotaka. Niliiona sura ile ikipasuka mbele ya wakubwa, katibu akitokwa jasho. Jumanne nilikata kutwa nzima nikipiga mluzi. Nikasugua kila kimoja kwa msasa mpaka kikang'aa. Jumatano nikampelekea, na mjinga yule akavisifu.

Leo binti yangu Sifa amerudi toka shule, walikoitwa kubandika, vidole vimeganda gundi. Ana miaka kumi na miwili na mkono uliotulia kuliko wangu. "Baba, ni miye njo mwalimu alichagua kubandika uso! Jina yangu wameandika nyuma ya ubao." Alikuwa anacheka. Kisha akasema kimoja, pale kwenye shavu, kimeanza kupasuka, na katibu ameuliza ni nani amekibandika.

Nikasukuma sahani: uso wa Rais ukipasuka lazima atafutwe mwenye kosa, na jina lililo nyuma ya ubao ni la Sifa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Uongo. Nimechimba mimi, anayeingia ni mwanangu.

Namchukia katibu. Lakini leo namchukia zaidi yule fundi aliyekuwa anapiga mluzi Jumanne. Nilijiona mjanja! Sikujiuliza hata mara moja ni mikono ya nani itakayoshika vile vipande.

Nimemwambia mama yote. Nilitaka anigombeze, hakunigombeza. "Kata tu, mutoto wangu. Miye nilishazoea chini." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Kesho asubuhi nitazishusha fito. Nitakata vipande mia mbili vingine, vikavu, na Jumatatu nitavipeleka kwa mwalimu mapema, nimwambie vile vya kwanza niliviharibu mimi. Sifa atabandua, atabandika upya.

Siku ya sherehe kitanda cha mama kitatundikwa stesheni, na mimi nitasimama pale na wenzangu, nikipigie makofi.