Jani la Mwaloni wa Mlimani

Alhamisi, Fort Worth

Hata pole sikumwambia.

Mwalimu Baraka alifundisha mambo ya misitu kwao Kongo. Wiki iliyopita, pale kwenye kitalu cha miche tunakofanya kazi, alichuma jani la mche na kulipitisha polepole midomoni. "Mama Zuhura, hii ni mwaloni nyekundu ya ku milima. Jani ni dogo, pembe zake kidogo, na kila ncha iko na unywele, mdomo inausikia."

Nikamcheka mbele ya wote. "Hapa miti haibusiwi, Mwalimu." Nikabandika lebo za mwaloni mwekundu wa kawaida.

Leo mteja kairudisha miche yote, amekasirika kwamba si aina iliyoandikwa. Supavaiza akauliza nani aliweka lebo. Mwalimu hajui Kiingereza, mimi ndiye mkalimani wake. Akanigeukia kwa upole: "Mama, umwambie ukweli."

Nikamwambia supavaiza, "Anasema ni yeye, anaomba msamaha."

Akafukuzwa palepale. Akavua glavu, akanishukuru, akidhani nimemtetea.

Kesho naletewa mfanyakazi mgeni nimfundishe kutambua mialoni. Nitampa jani alipitishe midomoni. Akiuliza nimejifunzia wapi, nitamwambia njia hiyo ni yangu.