Maiki ya Amplifaya Yangu

Jumanne, 8 Septemba 1970

Mazoezi tena. Gita halikusikika tena. Nimepiga mpaka ncha za vidole zinawaka, halafu Bi Zuhura, muimbaji wetu, ananiuliza kama leo nilikuwa naumwa. Kiti chake na changu vinagusana.

Amplifaya yangu ni kisanduku cha spika moja. Nikiifungua kidogo, wanaosikia ni mimi na paka wa klabu. Nikiifungua sana inakoroma. Klabu ina mashine kubwa ya sauti na spika za pembe zinazofika mtaa wa pili, lakini maiki yake ni moja tu, na ni ya Bi Zuhura. Niliwahi kulichomeka gita moja kwa moja kwenye mashine ile. Likavuma kama mzinga wa nyuki. Mzee Sleiman akapiga marufuku.

Mzee Sleiman ndiye mwenyekiti wetu na ndiye mpiga fidla. Gita halitaki. Kwake gita ni kitu cha dansi, limepotea njia likaingia kwenye taarab. Leo kasema mbele ya wote: harusi ya Miembeni, Jumamosi tarehe tatu Oktoba, ndiyo nafasi ya mwisho. Lisiposikika, litoke, na mimi nipewe tari la kugonga.

Tari! Mchana kutwa nashona suruali za watu. Jioni, na gita mapajani, ndipo najiona mtu. Akiniondolea hilo sijui nitabaki na nini.

Alhamisi, 10 Septemba

Dawa ni maiki ya pili, iwekwe mbele ya amplifaya, sauti iende kwenye spika za pembe. Rahisi kusema. Nimezunguka Darajani mpaka Mkunazini. Hakuna. Kuna foleni ya mchele, kuna foleni ya sukari, foleni ya maiki hakuna. Muuza duka mmoja kaniuliza nataka kumhutubia nani. Nikaondoka upesi.

Jumapili, 13 Septemba

Kiembe Samaki kwa baiskeli, upepo wa usoni. Shemeji yangu ana teperekoda, na teperekoda ina maiki yake, ndogo kama kiberiti. Kaniazima kwa masharti mengi kuliko ya ndoa. Nisiidondoshe. Nisiiache juani. Nisimpe mtu aiimbie.

Jumanne, 15 Septemba

Aibu. Gita limetoka kama mbu ndani ya kopo. Nyuzi nene hazikusikika kabisa, na nilipokaza mkono ikawa mikwaruzo mitupu. Bi Zuhura kaziba masikio kwa ushungi.

Mzee Sleiman alinitazama. Alitabasamu. Nalichukia tabasamu lile. Na yeye mwenyewe fidla lilimteleza mara mbili kwenye bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, sote tukaangalia chini kama kawaida. Yeye akiteleza tunaangalia chini, mimi nikiteleza natishiwa tari.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimekwenda kwa Fundi Jivan, mtengeneza redio wa Hurumzi. Anazo mbili.

Ya kwanza ya chuma, nyeusi, imebonyea ubavuni. Ilikuwa ya kutangazia mpira uwanjani. Lazima uiwekee mdomo papo hapo, ukisogea kando haikusikii. Bei yake karibu na bure. Nimemwambia maiki kiziwi simpi hata adui yangu.

Ya pili! Ya fedha, nzito, imelala katika sanduku la mahameli. Mwenyewe kahama nchi, hakurudi kuichukua. Fundi kaiwasha, kaiweka juu ya meza, tukasikia ndani ya spika vikombe vya muuza kahawa aliye nje, upande wa pili wa njia. Fundi akasema hii ndiyo ya wenye kujua. Nami nikajihesabu miongoni mwao. Bei haisemeki.

Jumamosi, 19 Septemba

Nimeshindana na nafsi yangu siku mbili. Mwanaidi, mke wangu, kasema nichukue ya chuma. Nikamwambia rahisi ni ghali. Akasema basi na ghali pia ni ghali, akaenda zake jikoni.

Nimetoa baiskeli.

Jumanne, 22 Septemba

Alhamdulillahi. Tumefunga milango ya klabu, nikaiweka maiki juu ya kigoda mbele ya amplifaya, nikapiga kidogo tu. Gita likajaa chumba kizima. Bi Zuhura kageuza shingo. Wapigaji wa nyuma wakaacha soga. Ilidaka hata mtu aliyekohoa mlangoni, nikawaambia hiyo ndiyo alama ya uzuri wake.

Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimekwenda Kwahani kwa miguu kupeleka kanzu ya mteja. Jua kali. Sijuti.

Nimejuta kidogo wakati wa kurudi.

Jumanne, 29 Septemba

Mazoezi ya mwisho. Tulipomaliza, Mzee Sleiman akawa anafunga fidla lake sandukuni. Bila kunitazama akasema, "Leo nnakusikia." Basi. Nimetembea mpaka nyumbani bila kuhisi miguu.

Jumapili, 4 Oktoba

Sikulala. Naandika ili kichwa kinyamaze.

Harusi ilijaa. Uwanja wa Miembeni umezungushiwa maturubali, wanawake tele mbele yetu, spika za pembe zimefungwa juu ya paa. Bashrafu ilikwenda vizuri. Nyimbo mbili za mwanzo, gita likasikika mpaka barabarani. Niliona wanawake wakiulizana ni nani anayepiga.

Wimbo wa tatu wakaanza kuinuka kutuza. Wanakuja wakicheza taratibu, noti juu, wanampa Bi Zuhura, wanarudi. Mara mmoja akaja kwangu. Akaweka noti juu ya amplifaya. Sijawahi kutuzwa maisha yangu. Akaja wa pili. Nilikuwa karibu kulia.

Halafu akaja Mwanaidi. Kanga mpya, uso unacheka. Mke anakuja kumtuza mumewe mbele ya watu, raha gani kubwa kuliko hiyo? Ilikuwa zamu ya Bi Zuhura kuimba, gita limenyamaza, fidla peke yake linamfuata. Linamfuata vibaya. Mwanaidi akainama kuniwekea noti, kichwa chake na changu vikawa juu ya kigoda cha maiki. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Salum, fidla lina nini leo?"

Nikamjibu. Sikufikiri. Nilijibu kama tunavyozungumza chumbani. "Mikono inamtetemeka Mzee. Sote tunajua, hapana wa kumwambia."

Niliisikia sauti yangu inatoka juu ya paa.

Maiki ya wenye kujua. Haikuacha hata pumzi. Nilipanga kila kitu, lakini kutuza sikukuwaza, na mimi nimezaliwa humu humu. Hakuna taarab watu wasikokuja kukuinamia. Klabuni tulifunga milango, hakuna aliyetuza, kwa hiyo hakuna aliyenisemesha.

Wanawake wa mbele wakamgeukia Mzee. Mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Bi Zuhura aliendelea kuimba, Mungu amlipe. Na Mzee Sleiman aliendelea kupiga. Alipiga mpaka mwisho wa wimbo, na nyimbo zote zilizobaki, macho yake ameyafumba. Hakuna aliyekuja tena kunituza.

Jumatatu, 5 Oktoba

Sikufungua cherehani. Mwanaidi analia, anasema kosa lake. Nimemwambia si lake. Nimemwambia kwa ukali, akalia zaidi.

Nina hasira na Fundi. Nina hasira na maiki. Nina hasira na Mzee pia, kwa nini asiache mwenyewe? Nikimaliza kukasirika na wote hao, nabaki mimi.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Sleiman baada ya alasiri. Nilipita nyumba yake, nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu mkewe akaniita kutoka dirishani, ikabidi niitikie naam na kuingia.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka ukumbini, fidla mapajani, anazilegeza nyuzi moja moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama siku zote. Kahawa ikaja. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, nikayasema yote vibaya. Nilimwambia sikukusudia. Nilimwambia ni maiki.

Aliniacha nimalize. Akasema, "Nlikuwa nangoja mmoja wenu anambie. Nlidhani utakuwa wewe, maana wewe ndiye usonipenda." Akalegeza uzi mwengine. "Lakini si harusini kwa watu, mwanangu."

Nilikunywa kahawa ikiwa moto, ikaniunguza. Kweli simpendi. Au nilikuwa simpendi. Nilipotazama mikono yake kwenye nyuzi nilitaka kuishika, na sikuthubutu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Hurumzi. Nimemrudishia Fundi Jivan maiki yake na sanduku lake la mahameli. Baiskeli kashaiuza. Nimempigia kelele mpaka majirani wakatoka. Akasema maiki haikusema neno lolote, nililisema mimi. Mshenzi. Na ni kweli.

Nimechukua ile ya chuma.

Jumanne, 13 Oktoba

Mazoezi. Nimeisogeza ile ya chuma karibu kabisa na spika ya amplifaya, pembeni kidogo ya katikati. Sauti si tamu kama ya ile nyengine. Ni kavu. Lakini ni gita tupu, nyuzi nene na nyembamba, na hakuna mikwaruzo. Watu wamepiga soga mbele yake, haikudaka hata herufi. Imeninunia tu pale kwenye kigoda, na imebonyea.

Hakuna aliyejua kama Mzee Sleiman atakuja. Alikuja, mikono mitupu. Hakukaa kwenye kiti chake cha mwenyekiti. Alivuta kiti kingine akaja kukaa karibu yangu, akaifumbata mikono yake ndani ya kofia yake mapajani. Akasema sehemu ya fidla katika bashrafu haina mtu, niipige mimi.

Nilimwambia siijui. Ni uongo, nimeisikia miaka yote. Akaanza kuniimbia kwa mdomo, polepole, kila mahali anapovuta na kila mahali anapopumzika. Sauti yake ilikuwa pale pale kando ya maiki, nayo haikuichukua. Mimi peke yangu niliisikia. Wengine walisikia gita.

Nilipofika mwisho Bi Zuhura alitaka kupiga makofi, akaona hakuna mwingine anayepiga, akaacha.

"Rudia," akasema Mzee. "Hapo mwanzo umeikimbiza."

Nilirudia. Akasema bado. Nikarudia tena.