Usiguse Tangi la Samaki

Alden mume wangu,

Nimeenda kliniki. Leo usisafishe tangi, nakusihi! Wale samaki tuliowavua kule kwenye kinamasi cha Wellfleet, ukaapa ni chambo tu, nimewatazama vizuri asubuhi hii. Wana miiba mitatu mgongoni, na mmoja koo limekuwa jekundu kama nyanya. Huyo ni dume. Zile takataka unazozivuta kwa mpira wa maji kila Jumamosi ni nyumba yake! Nimemwona akibandika majani kwa ute wake, na yule jike mnene ametaga humo. Umembomolea mara tatu, naye anajenga tu. Mpe uduvi ~~kidogo~~ wa kutosha, ana kazi.

Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Kitanda chake kimo kwenye boksi tangu Pasaka. Mwenzio wa tangini hana hata mikono!

Mama kijacho