Papa, Somo Lilikuwa Langu

Papa,

Mama alisema nikuandikie, labda moyo utapoa. Haujapoa. Nakuandikia na hasira yangu yote, kwa sababu ulipokuwa hai sikuthubutu.

Miezi minne imepita tangu tukuzike. Hapa Kasha watu wananisimamisha njiani: "Papa yako njo alinifundisha kusoma." Naitikia, napita. Siwaambii ulichonifanyia mbele ya darasa la nne.

Mimi sijasahau hata kidogo. Nilikuwa kwenye staji ya chuo cha ualimu katika shule ileile uliyofundisha mpaka ukastaafu. Chuo kiliniazima projekta nijaribu kufundisha kwa picha. Wiki tatu nilitengeneza somo la mvua kwenye kompyuta: maji yanapanda kutoka ziwani, yanakuwa wingu, yanatuangukia huku kwetu. Nilichora hadi mapaa ya nyumba za kwetu Bagira. Mkuu wa shule akakualika uje uone. Msimamizi wangu wa chuo akakaa nyuma na daftari lake.

Kwenye picha ya pili umeme ulikatika. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuja na betri. Nilihitaji dakika mbili za kubadilisha waya. Dakika mbili, Papa! Ukasimama. "Toka pale, mutoto. Hawa batoto habakukuya kuangalia sinema." Ukachukua chaki, ukafundisha somo langu lote, na mimi nimebaki pembeni, waya mkononi, sijui niangalie wapi.

Na ulichora vizuri. Hilo linaniudhi kuliko yote. Wingu lako lilikuwa zuri kuliko langu, na watoto wakakupigia makofi.

Msimamizi aliandika kwamba sikuweza kuongoza darasa, nirudie jaribio kwa somo jingine. Nyumbani, tukiwa mezani, ukamwambia Mama, "Nilimuokoa." Ulikuwa unachota ugali. Hukuniangalia hata. Wiki mbili sikukusemesha, hata salamu, na wewe hukuuliza kwa nini. Halafu asubuhi moja ukaanguka uani ukinyoa ndevu, na mambo yetu yakabaki hivyohivyo.

Kwenye kilio waliniomba niseme maneno machache. Nikasema, "Alikuwa mwalimu," nikakaa. Ndugu yako mkubwa alinifuata nyuma ya nyumba: "Ni hiyo tu unasema juu ya papa yako?" Ndiyo, ni hiyo tu. Hiyo angalau haikuwa uongo.

Sasa nikuambie yaliyofuata.

Chuo kilikataa kuniazima projekta mara ya pili. Nikabaki na simu yangu. Somo la kurudia lilikuwa la kusoma kwa sauti, na darasani kuna Mwamini, msichana mwenye kigugumizi. Ulimjua. Ulipopita siku moja kunisalimia darasani, kabla ya somo la mvua, ulinivuta kando ukasema, "Usipoteze saa na ule mutoto, kichwa haiko." Alikuwa hatua mbili kutoka kwako, Papa. Alisikia.

Nikampa simu, nikamwonyesha namna ya kurekodi na namna ya kufuta, nikamwambia akakae nyuma ya darasa asome peke yake, asinipe mpaka apende mwenyewe. Alirudia mara nyingi sana. Siku tatu alikuwa anakuja wakati wa mapumziko kuomba simu. Siku ya nne akanirudishia, akakimbia.

Siku ya somo msimamizi alikaa palepale nyuma. Nilipotoa simu, Asifiwe, yule anayekaa mbele, akasema kwa sauti, "Mwalimu, muzee alisema hii ni sinema." Darasa likacheka. Msimamizi akainua kalamu.

Nikamjibu, "Muzee alikufa. Leo ninafundisha mimi."

Niliona sura zao, nikaona haya, maana ni watoto na walikupenda. Lakini sikuyarudisha maneno yangu. Nikabonyeza simu, nikaizungusha kati ya madawati, na sauti ikasoma ukurasa mzima juu ya mkulima na mbuzi wake. Mara mbili ilikwama, ikajivuta, ikaendelea mpaka nukta ya mwisho.

Msimamizi akauliza, "Nani anasoma?"

Mwamini akainua mkono.

Nimefaulu, Papa. Mwakani nitakuwa na darasa langu mwenyewe. Watoto wote walitaka kujirekodi, hata Asifiwe, na betri ikaisha kabla ya kumaliza mstari wa kwanza wa madawati. Na waliobaki tuliendelea na kitabu tu. Mwamini bado anakwama anaposoma mbele ya wenzake, lakini sasa anasoma. Nilifika nyumbani nikaanza kumwelezea Mama, na katikati ya maneno nikajikuta nimegeuka kukuangalia kwenye kiti chako. Nilikasirika upya. Mtu niliyetaka alione somo lile ni wewe, na wewe ndiye uliyeniharibia la kwanza. Nifanye nini na jambo kama hilo? Nikugombeze wapi?

Jumapili baada ya misa tunakuja na Mama kung'oa majani kaburini. Nakuahidi majani nitayang'oa vizuri, na sitasema neno baya mbele yake. Kukusamehe sikuahidi. Nikifika hapo siku moja, nitapanda kaburini peke yangu, nikuambie mwenyewe. Nisipofika, ujue nilijaribu.

Kwaheri, Papa. Lala.

Nsimire