Chupa ya Mafuta ya Nazi

Makumira, karibu na Arusha

Kwa mume wangu, Baba Saida,

Salamu nyingi zikufikie huko Pangani. Goti lako limepoa? Mimi mzima, ila kikohozi cha baridi ya Meru. Watoto wa mzungu ninaowalea nao wazima, na yule mdogo sasa ananiita bibi.

Barua yako nimeipata. Umesema nikupe ukweli kabla ya mwezi wa mfungo, la sivyo utaniandikia talaka. Nililia, kisha nikakasirika. Naandika kwa mkono wangu, sikumpa karani, nawe usimpe mtu akusomee.

Siku kumi za likizo nilipokuja huko nyumbani nilikugeuzia mgongo kitandani, ukasema Arusha imenipa bwana. Bwana gani, Baba Saida, na mapengo haya? Nilikuwa naumia. Tangu hedhi ikatike, mwaka wa pili huu, ukeni pamekuwa pakavu, panawasha, na hata mkojo unachoma. Nilidhani ni uchafu. Nikajiosha kwa sabuni asubuhi na jioni, tena na maji ya shabu, lile jiwe la kukaza, kama nilivyofundwa nikiwa mwari. Kadiri nilivyojiosha ndivyo nilivyozidi kuungua, na aibu ikanifunga mdomo.

Jumapili nilikwenda mjini kwa Bi Tatu, mkunga mzee aliyetoka kwetu Tanga. Alinisikiliza, akacheka hadi kanga ikamwanguka kichwani.

"Shabu! Unakausha kilichokwisha kukauka?"

"Basi nina ugonjwa gani, bibi?"

"Huna ugonjwa, mwanangu, umekoma hedhi. Hata mimi yalinipata. Acha sabuni, acha shabu, maji matupu yanatosha. Upake mafuta ya nazi, na mumeo aende polepole. Ila ukiona damu tena, usije kwangu, nenda hospitali."

Nilirudi nikiwaza. Walinifunda wiki nzima namna ya kuingia katika ndoa, na hakuna aliyeniambia kwamba huko nako mwili huzeeka. Ningejua, ningekwambia palepale. Sijakuchoka. Nakutamani kama zamani, na naogopa kukukosa.

Sabuni nimeacha, na kuwashwa kumepungua. Mafuta ya nazi huku hakuna, madukani ni samli tu.

Mama yangu mpe shikamoo yangu. Msalimie Saida na mumewe, na wifi yangu anayekamua mafuta. Mwombe chupa moja, usimwambie ya nini. Usinijibu kwa barua. Chupa ikija na mtu, nitajua umenihurumia. Ukiileta mwenyewe, nitajua bado nina mume.

Ni mimi mkeo,
Mama Saida