Wameingia Kwenye Pigo Langu

Liège, Ubelgiji

Mama yangu,

Amani iwe ndani ya nyumba, na wote wanaolala humo waamke na nguvu. Najua Musafiri ndiye anakusomea. Basi Musafiri, mudogo wangu, kaa vizuri, soma polepole, na mahali nilipokasirika usome kwa hasira. Usinitilie sukari. Nakujua.

Mama, goti linaendeleaje? Yale mafuta niliyotuma unayapaka, ao umeyaweka kwenye sanduku yawe ya wageni? Mupunga wa bondeni umetoka vizuri? Bati la jikoni limepigiliwa, ao mvua bado inapika pamoja nawe? Na weye Musafiri, bado ni weye unabeba pikipiki kwenye matope ya barabara ya Kabambare, ao siku hizi nayo inakubeba kidogo?

Huku tuko. Baridi iko, kazi iko. Bado nafua mashuka ya hospitali, na mukwe wako ni muzima, anakula vizuri, tena vizuri mno. Kwa afya hatuna neno la kulalamika.

Lakini nimekasirika, mama. Nimekasirika hata chakula hakina ladha. Ningekupigia telefone, ila hasira hii haiingii kwenye telefone. Mutandao wa Kasongo unakatika katikati ya neno, na weye unasema “haya, haya” hata kama hujasikia kitu. Ndiyo maana naandika, na barua naipa Baba Sumaili anayerudi Kindu, aifikishe kwenu Kasongo.

Unamukumbuka ule muzungu murefu wa nywele nyekundu, Tomasi? Ule aliyekuja kumutembelea dada yake wa mambo ya misaada, akakaa uani kwetu na kipaza sauti kilichovalishwa manyoya, watoto wa kartie, wa mutaa wetu, wakamuita Baba Manyoya. Uliniambia alikula sombe yako, majani ya muhogo ya kutwanga, sahani mbili, akaomba kurekodi unavyotwanga. Ulicheka, ukamwambia atwange mwenyewe kwanza, akajipiga kidole. Kisha ulimukubalia. Hapo sina neno. Kinu ni chako, uamuzi ni wako.

Kumbe ule Tomasi ni mupigaji wa batteri, zile ngoma za bendi, katika bendi ya hapa. Ni bendi ya roki, lakini si ile roki ya kurukaruka. Hii wanaiita roki mbadala. Mbadala wa nini, sijui. Ni vijana waliovaa sweta zilizotoboka, na si kwa kukosa nyingine. Wanaimba wakiangalia viatu vyao. Wametoa albamu, na Wallahi watu wamepagawa nayo.

Nasema wamepagawa, si kwamba wameipenda tu. Pale kufulia niko na mwenzangu, binti mumoja anaitwa Elodi. Siku albamu ilipotoka alisimama kwenye mustari barabarani tangu alfajiri, kwenye mvua, akaja kazini meno yanagongana na anacheka. Ndani ya basi watu wanatikisa vichwa, redio haina neno lingine. Kijana mumoja amejichora kinu kwenye mukono wake. Kinu, mama! Namuona kituoni na ule mukono wake, natamani kumuuliza kama amewahi kupepeta hata ungo mumoja.

Siku Elodi alipoiweka kule kazini, nilikuwa nakunja mashuka, sina habari. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu ukaanza na ndu... ndu... ndu... Mikono yangu ikasimama yenyewe. Nikasema, hiki kinu nakijua. Ule ufa wa chini unaofanya sauti itoke na mukwaruzo kidogo, ni nani hapa duniani angeujua kama si miye? Nikapiga kelele, “Mama yangu! Ule ni mama yangu!” Elodi akanikumbatia, tukaruka pamoja juu ya mashuka ya watu. Nililia kwa furaha, mama. Sikufichi.

Halafu nikasikiliza vizuri. Nikasikia ndu yako, kisha, mahali pale ambapo hapana mutu, mahali unapoinua muchi na kungoja, paa! Ngoma. Ndu yako, paa. Ndu yako, paa. Tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ala! Nani huyo ameingia kwenye pigo langu?

Musafiri, hapa usisome haraka. Weye ulikuwa mutoto, labda hukumbuki tulivyokuwa tunatwanga, mama na miye, kinu kimoja, michi miwili. Yeye anashusha, miye nainua; miye nashusha, yeye anainua. Kartie nzima ilitujua kwa sauti ile. Siku nikiumwa, Mama Furaha wa ng'ambo ya barabara alikuja na uji kabla hatujamwambia, juu alisikia kinu kinapiga pigo moja moja. Na nilipoolewa nikaja huku, wamama wengine wote wangechukua binti mwingine, ao wangetwanga haraka haraka peke yao, yaishe. Mama alikataa. Anashusha, anainua, anangoja pigo langu lipite, ndipo anashusha tena. Shangazi Asha alinichekea kwenye telefone, “Mama yako anatwanga na jini!” Na weye mwenyewe Musafiri ulinihadithia siku mke wako alipoletwa bibi arusi, akachukua muchi wa pili ili asaidie, na mama akamuzuia: “Ngoja, mwanangu. Hapa iko mutu. Twende tukutafutie kinu chako.” Mke wako alinuna wiki nzima. Na alikuwa na haki ya kununa, lakini mama naye alikuwa na haki yake.

Basi, bibi arusi wa nyumba amekatazwa, halafu wageni wa Ulaya waingie na ngoma bila hata hodi?

Nikamwambia Elodi pale pale, “Lile paa si la mama yangu. Walitoe.” Akanishangaa. “Zaina, lile ndilo tamu kuliko yote! Ndilo kila mutu anangojea!” Nikarudi nyumbani nimevimba. Kufika, namukuta mukwe wako mezani na kijiko, anagonga sahani: paa, paa. Nikamwambia, “Na weye pia?” Akasema, “Lakini Zaina, ni tamu.” Mutu wa kijiji cha Wamaza, aliyelelewa na sauti ya vinu! Siku ile alikula mukate mukavu.

Elodi akanipeleka kwenye konseri yao. Nilikwenda kwa shari, sikwenda kwa starehe. Ukumbi ulijaa hadi mulangoni. Wimbo wa tatu ulipoanza wakapiga mayowe kama watu waliofunguliwa gereza, kisha wakainua mikono wote, wakangoja, na kwenye pigo langu wakapiga makofi. Mara moja, pamoja, ukumbi muzima. Wanafurahi, wanakumbatiana, wengine wanalia. Na miye katikati yao, mikono imekunjwa, ni miye peke yangu sikupiga. Mwenye pigo lake!

Walipomaliza nikaenda nyuma kwa Tomasi. Elodi alinivuta nguo, sikumujali.

“Tomasi, ule mwanamuke uliyemurekodi Kasongo ni nani?”

Uso ukamuwaka. “Ah, Mama Zaina! Sombe! Jambo sana!”

“Na Zaina ni nani?”

Akamugeukia Elodi. Hakuwahi kujiuliza.

“Zaina ni miye. Juu ya nini mulipiga ngoma pale alipoacha?”

Mama, alinijibu bila aibu hata kidogo, tena kwa upole: “Tulidhani amechoka. Kila mara alikuwa anachelewa. Tukasema tumusaidie, tukarekebisha.”

Kukurekebisha! Weye, mama, uliyetwanga mupunga wa arusi ngapi na matanga ngapi kabla hata yeye hajazaliwa! Anayejipiga kidole ndiye anamurekebisha mutu!

Nikamwambia, “Hakuchelewa. Pale iko mutu.”

Akakuna zile nywele. “Lakini bila lile pigo wimbo unachechemea.”

“Basi uchecheme! Unachechemea juu mutu mumoja hayuko nyumbani! Mulitaka utembeeje?”

Nitasema haki, mama, si mutu mubaya. Macho yalimujaa. Akaniomba radhi, hata akakutumia salamu. Lakini nilipomuuliza kama watalitoa, akasema albamu iko tayari ndani ya nyumba za watu, na wasikilizaji wanalitaka lile pigo, wakilikosa watalipiga wenyewe. Wasikilizaji, wasikilizaji. Kila nikisema mama, ananijibu wasikilizaji. Mwisho akaniuliza, “Nikupe nini?” Nikamwambia anipe mama yangu kama alivyomukuta, bila ngoma. Akaniwekea ndani ya telefone ile sauti ya mwanzo, ile ya uani, ambayo hawajaigusa.

Nikaisikiliza kesho yake jikoni, mulango umefungwa. Kuku wetu wanasikika. Pikipiki inapita. Ndu. Halafu kimya, kile kimya chetu. Ndu. Na kwenye kimya, kwa sauti ndogo sana, kama mutu anayejisemea, nikakusikia:

“Zaina.”

Ndu. “Zaina.” Ndu. “Zaina.” Kila pigo, mama! Hukuruka hata moja.

Musafiri, weye ulijua? Mwaka baada ya mwaka uko kwenye ule ua, na hukuniambia? Kuhusu kungoja ulinihadithia ukicheka, kwamba ananiita hukusema! Hilo nitakuuliza uso kwa uso, ujiandae.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nililia, kisha nikakasirika upya, zaidi ya mara ya kwanza. Kumbe ngoma yao haikuingia mahali patupu. Waliipiga juu ya jina langu. Watu wa huku wanapiga makofi juu ya jina langu, wamefurahi, hawana habari. Nilimusikilizisha Elodi ile ya kweli. Akafuta machozi, akasema ni nzuri sana, sana kabisa, ila ile ya ngoma ndiyo inachezeka. Hadi leo namuitikia salamu tu.

Sasa sikia nilichofanya. Mwanamuke mumoja wa Bukavu, jirani yetu wa duka la vyakula, aliniazima kinu na muchi. Nikapandisha hadi ghorofa ya tatu, mukwe wako ananisukuma kwa nyuma, anauliza nimerukwa na akili ao nini. Jumapili saa kumi, ile saa yako ya kutwanga, nikatia karanga ndani, juu kutwanga kinu kitupu hukunifundisha. Nikaweka telefone dirishani, nikawasha ile sauti yako ya uani. Ukashusha, nikainua. Ukaniita, nikashusha. Mara mbili tatu nilikosea, mukono umesahau. Kisha mukono ukakumbuka. Tulitwanga, mama. Karanga zilitoka laini.

Hodi mulangoni! Ni jirani wa chini, ndani ya ndara zake. “Madame, kelele gani hii? Ndu, ndu, taa yangu inatikisika!” Na huyu, mama, huyu ndiye anayetuwekea ile albamu kila Jumapili asubuhi, inapanda hadi kitandani kwetu, na makofi yake nayasikia!

Nikamuuliza, “Asubuhi uliweka wimbo gani?”

“Ile albamu mupya.”

“Unaupenda ule wa tatu?”

“Sana!”

“Basi huu ndio wa tatu.”

Akachungulia ndani, akaona kinu, akaona karanga kwenye kikwembe changu, kitenge nilichojifunga. Akasema, “Lakini ule ni muziki.”

Nilifunga mulango, mama. Taratibu, kwa adabu uliyonilea nayo. Halafu nikaendelea.

Sasa ombi langu. Wakija wengine na vipaza sauti vyenye manyoya, wape sombe, mugeni ni mugeni, lakini uwaambie kwa kinywa chako: hapa iko mutu, hapajazwi. Mke wa Musafiri umwambie asinune tena, nimesikia yeye mwenyewe siku hizi anawakataza watoto wasiguse muchi wangu. Nikimuletea kikwembe, ni kwa hilo. Nimeomba ruhusa kazini kwa wakati wa mavuno ya mupunga. Bado hawajanijibu. Wakikataa nitaomba tena, hadi wachoke na sura yangu.

Nisalimieni Shangazi Asha muuza mafuta ya mawese, mumwambie ule jini anamusalimia. Nisalimieni Baba mudogo Hamisi, fundi wa vinga, zile baiskeli za watu, na Mama Furaha wa ng'ambo ya barabara, masikio yake yaendelee kuwa mazima. Wale wa upande wa mukwe kule Wamaza, Musafiri ukipita na pikipiki, waambie mutoto wao anakula tena chakula cha moto.

Na weye, mama, usiniite kwa sauti ndogo hivyo. Ita kwa nguvu, kartie isikie, Asha acheke anavyotaka. Jumapili saa kumi nitakuwa nimeshika muchi. Naitika. Jirani wa chini ni shahidi.

Ni miye mutoto wako,
Zaina